Karatasi ya Tarehe

Kitabu chenyewe chembamba, cha kufuga nyuki.
Fungua nyuma. Hapo palipobandikwa karatasi
tarehe zimebanana
kama sisi mlangoni siku ya mshahara.

Ya kwanza Machi 1979, wino wa zambarau,
mkono wa mtu aliyekula akashiba.
Nasikia enzi hizo sakafu ilipigwa nta kila Ijumaa,
na watoto wa Kakamega walionyesha viganja,
mbele na nyuma, ndipo waguse rafu.

1981, mara saba mfululizo:
huyo ni Shivachi wa Shinyalu.
Alikirudisha asubuhi, akakiazima jioni,
asije mwingine akamtangulia.
Mizinga yake ingalipo. Asali yake nimeilamba.

Agosti themanini na mbili, hakuna kitu.
Septemba, muhuri mmoja, umepinda.

Halafu miaka tisa mitupu.
Paa lilivuja. Barua zilikwenda Nairobi,
majibu yakaja kwamba barua zimepokelewa.

Sasa soma huu:
4 Januari 2008, siku ya kurudisha.
Hakikurudi.
Kilikuja Aprili, kimeviringishwa kwenye leso,
na mama mmoja ambaye jina lake sikuliandika.
Nyumba iliteketea, akasema,
hiki kilikuwa kwa jirani, chini ya kuku aliyeatamia.
Faini, shilingi tano kwa siku.
Nilianza kuhesabu kwa vidole
vidole vikaniishia, nikafunga daftari.

Wanasema maktaba imekufa.
Waje saa mbili kasorobo, kabla sijapata ufunguo mkobani,
waone viatu vilivyojipanga kwenye ngazi:
wa mtihani, wa fomu za chuo,
wa kuchaji simu na asingizie gazeti,
na yule baba anayejifunza kusoma
kwa siri ya wanawe, meza ya pembeni.

Jana Khasoa, wa darasa la nane zamani zetu,
sijui siku hizi mnaliitaje,
alikitaka kitabu cha nyuki.
Mashine ikalia ti! Imekwisha. Nenda.
Hakwenda. Aligeuza nyuma,
akapitisha kidole juu ya tarehe zote, polepole,
akauliza, "Mimi mbona hunigongei?"

Sponji ya wino ilikauka tangu korona.
Nikaitemea mate,
Makao Makuu yasisikie,
nikagonga.

Umetoka hafifu.
Ukiinamisha kitabu dirishani, unasomeka.