Puli Iliyogoma

Waliishusha Jumatano kutoka kwenye mkokoteni wa matofali,
mashine ya kukatia majani ya Raskazone,
ile ya kukalia kama trekta mtoto,
kiti kimechanika, sponji inachungulia.
Bwana Shemzigwa akasema: Jumamosi tuna harusi bustanini,
majani yamefika magotini,
na bibi harusi hapiti porini.

Tukailaza ubavu.
Chini ya injini, puli imeng'ang'ania shafti
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Miaka kumi na moja ya upepo wa chumvi
imeingia katikati yao,
ikawafungisha ndoa bila kadhi wala shahidi.

Fundi Mwanjaa akachanganya mafuta ya taa na oili ya breki,
akadondosha kwenye ule mwanya usiopitisha hata wembe.
"Iache inywe," akasema,
akavuka kwenda kununua mihogo barabara ya kumi na mbili.

Sikuiacha inywe.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nyundo ya ratili nne.
Pigo la kwanza la Shemzigwa, aliyepiga simu kila nusu saa.
La pili la maharusi nisiowajua.
La tatu langu mwenyewe: nilitaka arudi aikute chini,
aseme, eh, Kibwana.

Puli haikusogea unywele.
Shafti ndiyo iliyovimba ncha, ikachanua kama uyoga,
tundu la bolti likafumba jicho.

Akarudi. Akaweka mihogo juu ya betri.
Akapitisha kidole gumba pale nilipoharibu,
taratibu, kama anayepapasa jino la mtoto.
Nilisubiri tusi. Nilikwishamchagulia,
lile la Kidigo linaloanzia kwa babu.
Akachukua tupa.

Saa nzima, kwaru, kwaru,
unga wa chuma ukimwagikia viatu vyake,
mimi nimeshika taa mkono ukitetemeka.
Kisha tepu: robo mbele, kidogo nyuma,
robo mbele,
mpaka uzi ukafumbua jicho.
Hakuniangalia hata mara moja,
na hilo lilinichapa kuliko mkanda.

Ndipo akaleta pula, miguu mitatu chini ya puli,
skrubu katikati.
"Kaza."
Nikakaza mpaka spana ikalia.
"Basi."
"Lakini bado haija—"
"Nimesema basi."
Akawasha gesi, akauzungusha moto kwenye puli,
akiuepusha na shafti.
"Mpashe anayeshika. Anayeshikwa mwache."
Chuma kikawa rangi ya majani makavu, kikawa zambarau,
na hakikutoka.

Akazima gesi. Simu ikalia, akaizima nayo.
"Ikikataa je?"
"Imeshakubali. Haijajua tu."
Akajifunga mtandio, akaenda zake Chumbageni.

Waliosema ngojangoja huumiza matumbo
hawajalala chumba kimoja na pula iliyokazwa.
Mimi ndiye mlinzi wa spana, nalala kwenye boksi la friji.
Nikaisikia ikikaa kimya. Kuna kimya cha kitu kilicholala
na kuna kimya cha kitu kinachovutwa;
usiku ule nilijifunza kuvitofautisha.

Saa nane, paa!
Kama jiwe juu ya bati.
Mbwa wa mtaa mzima wakaitika.
Nikapapasa tochi: puli iko sakafuni,
pula imeiangukia, wamekumbatiana kama walevi wawili,
na shafti iko wazi, inang'aa,
inanuka moshi na mafuta ya taa.
Hapakuwa na mkono wowote.

Nikakitoa kiwi kwa koleo,
kichuma cha nusu mwezi, kidogo kama ukucha,
kutu imekila ukingo mmoja.
Nikakiosha kwa petroli, nikakiweka ndani ya kifuniko cha soda.
Sikulala tena.

Alfajiri akafungua mlango, akatazama chini.
"Saa ngapi?"
"Saa nane."
"Imechelewa," akasema,
akanikatia nusu ya muhogo wa jana,
umepoa, una chumvi, una unga wa chuma kidogo.