Kufuli ya Langoni

Asubuhi Jumatatu
nikafika duka letu
Langoni, sijala kitu,
komeo likafunguka.

Nikaiwasha mashine:
picha za harusi nane,
wenyewe waje waone.
Moja haikufunguka.

Majina yana mikia
nisiyopata sikia,
ya mijusi, nakwambia,
iliyobaki kuruka.

Na barua katikati,
nyekundu, na masharti,
na saa, yala wakati:
siku tatu, zinashuka.

"Lipa," yasema, "sarafu
isiyoshikwa na sefu,
la sivyo, yote ni mafu
utakayoyakumbuka."

Nilisoma mara tano
Kiingereza cha meno
chenye upole wa wino,
na "asante" kaiweka.

Habari Lamu zapaa:
Gadeni hadi mtaa
wa Bajuri wakakaa
kibarazani, wacheka.

Wacheka, nao ni haki:
deni zao hazibaki!
Karatasi siiweki;
humo nilimoandika.

Alokuja akilia,
Mwanahawa wa Zakia:
mamake amshikia
mkono, hina kupaka.

Picha ndiyo ile moja.
Mauti hayakungoja,
nami, "Kesho," kila kuja,
"wino umenikauka."

Kaja Zinabu wa Lali,
fundi wa simu, si ghali;
akang'oa waya mbili
za mtandao, haraka.

"Usizime, usilipe.
Mpe leo, kesho mpe.
Na umngoje akupe
ufunguo: utachoka.

"Wako watu," akasema,
"huvunja kufuli nzima,
wakazitoa kwa wema
funguo, bila kutaka."

Akazijaribu sita.
Wa kwanza ukajikita,
wa pili ukamsuta,
wa tano ukavunjika.

Wa sita, usiku sana,
faili moja lanena,
mia, mia mbili tena…
Jamani, yamefunguka!

Yapi? Daftari la deni!
Kombo, vyeti vya shuleni;
Famau, kadi sitini;
Shee, tangu ule mwaka.

Ila picha, la, hazina
dawa. "Ni kubwa, waona,
zimetafunwa, hakuna
hata uzi wa kushika."

Nikacheka kwa uchungu:
yarudi madeni yangu,
na mama wa watu, Mungu,
hakupata kuokoka.

Kulipokucha, nawaza:
picha niliyoiuza
ukutani yajikaza,
huko mwizi hakufika.

Nikabandika tangazo
kwa mkono, si mchezo:
"Mwenye picha zetu, nazo
aje: deni lafutika."

Shee wa kwanza, na fremu
ya harusi ya Mwalimu;
Famau, na yake zamu,
albamu kaitwika.

Kombo, mwenye deni nene:
"Mimi moja tu, uone."
Imekunjwa mara nne
na kwa jasho imechoka.

Ni upande wa jikoni,
siku ya hina, nyumbani;
Kombo, sinia begani,
pilau bado yafuka.

Na nyuma, kwenye mlango,
bila uso, bila shingo,
mkono, katika pengo,
unachovya, unapaka.

Buibui kajitanda,
Mwanahawa akaganda.
"Kidole kilichopinda!
Ni yeye, sina mashaka."

Kisha, saa yake mwizi:
sifuri, mwisho wa ngazi.
Mimi na Zinabu, kazi
ni kaimati, kucheka.

Nimenunua, jamani,
diski; hukaa jikoni,
mkebeni mwa majani.
Alhamisi hutoka.

Jana kaja Kombo tena,
nakala kumi za mwana.
"Nitalipa nikivuna."
Nimechapa. Naandika.