Barua ya Mwajiri

Kanyenye, kwenye kibanda cha Msavya cha kuchapa na kudurufu,
feni inazungusha vumbi lilelile la jana.
Ananisomea fomu, kidole kwenye kioo:
"Uzoefu wa kuhudumia wazee na wagonjwa. Miaka?"
Tisa, namwambia. Masika haya yakikatika, tisa na nusu.
"Mwajiri?"
Mama.
Anacheka, kisha anaona sicheki.

Huko unakoomba, anasema, wanahesabu kwa alama:
umri una alama zake, cheti kina zake,
mtihani wa Kiingereza utaufuata Dar, na ada hairudi.
Ukishamwogesha mzee wao miaka miwili bila kukatiza
ndipo utaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu.
Kudumu.
Neno hilo mimi nalijua kutoka msibani,
shehe anapomtaja marehemu na makazi yake.

Polisi wamenichukua alama za vidole mara tatu.
"Dada, mashine haikuoni," alisema afande,
akakigeuza kidole changu kama anayekagua dagaa.
"Kazi gani hii iliyokufuta hivi?"
Sabuni ya mche, nikamjibu. Jiki. Shuka.
Maji ya moto alfajiri, na shuka tena.

Nikarudi Isevya kwa mguu, nauli nimeiacha kwenye picha za pasipoti.
Mama alikuwa upande niliomlaza,
ule wa kushoto, unaotazama mlango.
Wanataka barua, mama. Ya mwajiri.
Akanyamaza mpaka honi ya treni ikaisha kule stesheni.
"Sasa unangoja nini? Lete kalamu.

Mimi Nyanzala binti Kasanda,
niliyeuza asali sokoni kabla upande huu haujafa,
nathibitisha kwamba Kalunde nimemwajiri mimi.
Mshahara sikumpa.
Likizo alichukua siku moja, harusi ya Sizya,
akarudi pilau haijapakuliwa,
akanusa chumba kwanza ndipo akavua viatu.
Anajua kunigeuza bila kunivunjia heshima.
Mgongo wangu hauna kidonda.
Hilo liandike kwa herufi kubwa.
Miaka tisa kitandani, hauna kidonda. Wasiosadiki waje wautazame.
Kasoro yake ni hasira za jioni.
Aliwahi kunigombeza kwa ajili ya kijiko,
akaenda kulia nyuma ya jiko akidhani sisikii.
Sikio halijafa."

Niliandika, mistari ikipanda na kushuka.
Msavya ataitafsiri kwa elfu tatu;
sijui kijiko atakifanyaje.

Pana swali moja limebaki, nikasema,
na nikalisoma haraka, kama mtu anayevuka reli:
Sababu ya kuacha kazi.

Mlangoni alisimama Mwaja, binti wa dada yangu,
miaka kumi na sita, beseni mkononi,
hakuingia wala hakuondoka.
Nje mtu alikuwa akipasua kuni za mninga, vibaya,
shoka likikwama kila pigo la pili.

"Hajaacha," mama akasema.
"Andika: nimemtuma."

Nikamshika dole gumba, la mkono uliolala,
nikalichovya kwenye wino wa Msavya, nikalikandamiza chini ya jina lake.
Mistari yote ilitoka, mizima, imepangana
kama matuta ya viazi baada ya mvua ya kwanza.
Mkono ule haujagusa sabuni miaka tisa
isipokuwa mimi niuoshe.

Nikaufuta wino kwa pindo la khanga.
Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika, imepita kidogo.
Nikashika shuka upande wangu,
na kabla sijafungua mdomo
Mwaja alikuwa ameshatua beseni,
ameshika ncha ya pili.
"Si hivyo," nikamwambia. "Kunja kwanza. Halafu vuta."