Kuipa Mizani Kisogo

Jumanne ya kwanza nilikwenda na mawe:
kokoto saba nilizookota chini ya Mlimwa,
nikazishonea kwenye pindo la sketi.

Bi. Zamda Isere, mtaalamu wa lishe, mtu wa Kondoa,
hakuuliza kitu. Alisema tu, "Geuka.
Ipe mizani kisogo. Namba ni yangu,
wewe tazama dirishani."
Dirishani palikuwa na vumbi la Dodoma
na kijana anayeuza zabibu kwenye beseni la bluu.
Niliposhuka, pindo likagonga chuma: ko.
Akaandika. Akanimiminia uji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tatu.
Mizani naijua, nane kwa nane,
nawafundisha watoto wa watu kuihesabu kwa vidole.
Maharage nayo niliyahesabu hivyo hivyo,
mkono chini ya meza,
mpaka nikaenea tena
kwenye gauni langu la kipaimara.
Ofisini wakanisifu: "Mwalimu umepungua, unapendeza!"
Hakuna aliyeuliza nimepungua nini.

Nyumbani, Nkuhungu, ndiko kulikokuwa kugumu.
Bibi alizaliwa na mwanamke aliyepona Mtunya,
njaa iliyokula watu Ugogo wakakosekana wa kuzika.
Kwao njaa ina jina,
ina mwaka wake, ina makaburi.
Yangu haikuwa na jina, na uwele umejaa kihenge.
"Mjukuu wangu, nani kakukataza?"
Ningemjibu nini? Aliyenikataza
anakaa kwenye kioo cha kabati,
ana sauti yangu,
na hajui Kigogo.

Bi. Zamda hakunipa orodha ya vizuri na vibaya.
"Chakula hakina dhambi," alisema.
"Mlenda haujamwibia mtu."
Alinipa saa tu: asubuhi, saa nne, mchana, saa kumi, usiku.
"Kula hata njaa isipobisha hodi.
Yako imesahau njia ya kwako."
Tena akaniambia niandike. Nikaandika:

    Nikila nahesabika, nisipokula salama,
    Sahani ikinifika, mate kooni hukwama,
    Mifupa ikichongoka, nadhani ndiyo heshima,
    Mwili waomba huruma,

nikaishia hapo, ukwapi bila utao.
Hakusomea ushairi, Bi. Zamda.
Lakini aliweka kidole kwenye karatasi,
pale palipobaki peupe, akasema,
"Hapa pana njaa."

Kuna wiki nilidanganya.
Kuna wiki nusu kikombe cha maziwa
kilinililiza kama msiba,
naye akakaa, akanywa chake polepole,
akinisimulia bei ya mahindi Kibaigwa
kama vile sisi ni majirani tu, tumekutana gulioni.
Kuna wiki sikwenda. Akapiga simu.
Hakuniuliza nimekula nini.
Aliuliza nimelala saa ngapi.

Mwezi wa tano, uwele ukivunwa,
nilifumua pindo.
Nikazipanga kokoto mezani kwake, zote saba.
"Nilizisikia siku ya kwanza," akasema.
Akachukua moja, akaikandamizia karatasi
feni isizipeperushe.
"Hizi sita zirudishe mlimani. Mlima usije ukapungua."
Nikacheka, na kucheka kukaniuma mbavu,
na mbavu, kwa mara ya kwanza, sikuzigusa kuzihesabu.

Sijapona. Nasema hivi msije mkanipigia vigelegele.
Kioo bado kipo, nimekigeuza tu kitazame ukuta,
na siku nyingine nasikia kinaongea na chokaa.

Ila jana jioni bibi alisonga ugali wa uwele,
mweusi, wa moto, na mlenda wa karanga.
Nilimega, nikachovya,
na mlenda ukateleza
kabla sijafika moja.

Tonge la mwisho lilinishinda.
Nikaliacha ukingoni mwa sahani.
Bibi akalitazama, akanitazama,
akalila yeye.