Vikombe Vitatu

Kwetu Chaozhou, ghorofa ya sita, lifti hakuna,
birika ni dogo kama chenza
na vikombe ni vitatu.
Ndivyo ulivyo mji mzima: muwe wawili, muwe wanane,
vikombe ni vitatu,
atakayekosa atangoja, na kungoja ni adabu.

Sisi tulikuwa wanne.

Baba huwasha makaa ya kokwa za zeituni pale roshani,
chini ya soksi zangu zilizoanikwa.
"Yasikilize maji," husema.
"Yakinong'ona, bado.
Yakipiga kelele kama soko la samaki, umechelewa.
Hapo katikati, yanapoanza kughuna, hapo."

Majani yanatoka mlima Fenghuang.
Bwana Wen anayetuuzia huyaita Mavi ya Bata.
Nilipokuwa na miaka saba nilikataa katakata kuyanywa.
Mama alicheka hadi akashika ukuta:
"Jina baya ni kufuli. Mwizi akisikia mavi, hageuki nyuma.
Nusa kwanza, ugomvi baadaye."
Nikanusa.
Asumini; nyuma ya asumini, maziwa;
nyuma ya maziwa, jiwe lililonyeshewa.

Maji ya kwanza hayanywewi.
Huosha vikombe, huyaamsha majani.
Ya pili humiminwa kwa chini, upesi, kwa kuzunguka,
kama askari wa zamu kwenye ukuta wa mji,
hiki, kile, kile, tena hiki,
kisitokee kikombe kikali na kingine chapwa.
Matone ya mwisho huhesabiwa: moja, moja, moja.
Uchungu wote umejificha humo,
nao hugawanywa sawa.

Na kila mara, miaka ishirini na sita,
mkono wa mama ulirudi nyuma.
"Kunyweni ninyi. Mimi nimeshakunywa jikoni."
Jikoni hapakuwa na chai.
Palikuwa na chupa ya maji moto na kalenda ya benki.
Yeye alikunywa mkupuo wa saba, wa nane,
rangi imekwisha, majani yamelegea kama vitambaa,
akasema hii ndiyo tamu:
harufu ikishaondoka, mti husema ukweli.
Tulimwamini.
Ilitufaa kumwamini.

Tulimzika mwezi wa pili, kwenye manyunyu.
Siku ya arobaini na tisa
kaka Shaobin akaja kwa basi la Shenzhen, mfuko wa machungwa mkononi.
Baba akawasha makaa, hakusema neno.
Akazungusha. Akahesabu matone.
Mikono mitatu ikanyooka
ikakuta vikombe vitatu.

Hapakuwa na wa kupisha.
Hapakuwa na wa kungoja.
Tukatazamana kama watu waliofumaniwa na mali ya wizi.

Shaobin akarudisha chake sinianі.
"Nimeshakunywa kwenye basi."
Nami nikasema, sijui sauti ilitoka wapi,
"Nimeshakunywa jikoni."
Baba akakikazia macho chake
mpaka kikaacha kutoa mvuke.

Akamwaga vyote vitatu.
Akatia maji, akamwaga, akatia, akamwaga,
sikuhesabu mara ngapi,
hadi birika likatoa kitu cheupe karibu na maji matupu.
Hicho tukakinywa.

Kilikuwa cha moto.
Kwa mbali, mbali sana, jiwe.
Utamu nimeutafuta kwa ulimi wote,
na mpaka leo, kila jioni, kwenye mkupuo wa nane,
bado namuuliza kama alitudanganya.