Hesabu ya Usiku

Tulikuzika Juni, baba, sakitu ikiwa bado chini.
Vijana walivunja udongo kwa sululu
na kila pigo likatoa moshi mdogo, kama pumzi ya ng'ombe alfajiri.
Katekista alisoma wasifu wako kwenye karatasi ya daftari:
Wendelini Mligo, wa Uwemba.
Alizaliwa, alioa, alikwenda vitani, alirudi, alilima.
Dakika nne. Nilitazama saa, nisamehe.

Aliposema *alirudi*, mama alicheka kidogo,
akajifunika mdomo kwa kanga.
Yeye ndiye aliyejua kurudi kwako kulichukua miaka mingapi.
Ulishuka Njombe kwenye lori la jeshi,
goti limekaza, mfukoni sabuni mbili na kitambaa chake cha kichwa,
lakini usiku ulilala mlangoni, viatu miguuni,
mpaka nilipozaliwa mimi, wa tatu,
ukavua kimoja.

Vita hukutusimulia.
Wenzako kilabuni, ulanzi ukishapanda,
walipiga mizinga kwa midomo,
wakavuka Mto Kagera juu ya benchi.
Wewe ulishika mbeta yako, ukatazama povu.
Tulichopata kwako ni hiki tu, na tulikipata mara mia:
kwamba siku moja, ng'ambo kule, karibu na Masaka,
njaa ikiwa ya siku mbili,
mlichimba viazi kwenye shamba la watu.
"Matuta yamenyooka," ulisema, "ya mwanamke mwenye mkono safi.
Hakuwepo. Mlango wazi. Sufuria ina maji.
Hajui nani alikula."
Basi. Ukaomba chumvi.

Ndiyo maana kila mavuno uliacha tuta moja kando ya barabara,
lile la mwisho, lenye viazi vinono kuliko yote.
*Msichimbe. La mpita njia.*
Kastori alinuna: karo haijatimia, na tuta linaliwa na wezi!
"Mwizi ni mimi, mwanangu," ulimjibu. "Hao wanakula deni."
Madereva wa malori ya mbao walilijua tuta lile,
watoto wa shule walilijua,
nungunungu walilijua zaidi.

Nishani yako ilikaa kwenye kopo la kahawa
pamoja na vifungo, sindano, na jino la kwanza la Imelda.
Koti la jeshi ulimvisha ndama aliyezaliwa na baridi.

Na usiku, koroboi ikizimwa, ulituhesabu.
Si kwa majina. Kwa namba, kama gwaride,
sauti yako ikipita ukuta wa tofali mbichi.
*Moja!* Kastori. *Mbili!* Imelda. *Tatu*, mimi.
*Nne*, Ditriki, tayari yuko usingizini.
Surua ilipomchukua Gaudensi
tulidhani namba zitasogea.
Hazikusogea.
Nne, kisha kimya cha urefu wa mtoto mmoja, kisha sita.
Adelhelmu alizaliwa sita, akakua sita;
alikijua kimya kile kabla ya kujua kusema.

Usiku wa matanga umeme ulikatika.
Tulilala chini sebuleni kama zamani, watu wazima sasa,
wenye presha, wenye mikopo,
magoti yanaanza kufanana na lako.
Nje upepo ulikuwa unasugua mianzi.
Kastori akakohoa. Nilidhani anatafuta dawa yake.
"Moja," akasema.
Imelda akasema mbili, sauti imepasuka.
Mimi.
Ditriki, kwa mara ya kwanza yuko macho.
Tukanyamaza, kama ulivyotuzoesha.
Na kutoka chumbani, kupitia ukuta ule ule,
mama, ambaye maisha yake yote
hakuwahi kuhesabiwa na mtu,
akasema, "Tano."

Adelhelmu alichelewa kuitika.
Tulimsubiri.