Saa Tisa, Kutaisi

Miaka thelathini na mmoja niliamka saa tisa za usiku
kwa sababu ya mkate.
Sasa sina mkate wa kuoka. Nina pensheni, nina shali ya mama mkwe,
na nina hiyo saa tisa, ambayo haikustaafu pamoja nami.

Macho pwa! Dari. Ufa wa dari.
Mto Rioni kule bondeni ukiyasaga mawe yake.
Otari kando yangu kalala kama gunia
lililoshushwa ghalani likasahauliwa.
Namwonea wivu, Mungu anisamehe,
wivu ambao sikuwahi kuwa nao
hata enzi zile alipokuwa akivaa kofia upande.

Daktari Gvantsa, binti mdogo, kucha fupi,
aliniandikia kwenye karatasi:
kahawa, mwisho saa sita mchana.
Divai ya usiku, hapana: inakukopesha usingizi saa nne,
saa tisa inarudi kudai.
Chumba kiwe na ubaridi. Saa iangalie ukuta.
Na usingizi ukikataa, usigombane na kitanda,
toka, kaa penye mwanga hafifu, rudi ukianza kusinzia.
Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo:
Usihesabu.

Tsiuri wa ghorofa ya juu yeye ana matone yake
ya mizizi, yananuka soksi za mchungaji.
Nilikunywa. Nikalala mang'amung'amu,
nikaota nanuka soksi.

Nikaigeuza saa. Ikaendelea kunisema kwa kunipa mgongo,
ti, ti, ti,
kama mawifi jikoni.
Nikaitia ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kabati.

Bado niliamka. Na bila saa nilijua ni saa ngapi:
viganja vilijua.
Vilikuwa vimejikunja, kila kimoja
kipimo cha donge moja.

Usiku mmoja wa Februari, sina hata lepe,
nilivaa koti juu ya gauni la kulalia
nikateremka ngazi, nikafuata ukuta wa shule,
hadi kwenye dirisha lile la chini, lenye mwanga wa moto.
Temuri alikuwemo. Unga hadi kwenye nyusi.
Aliinama ndani ya tanuri, nusu mwili,
kama mtu anayemwita mwenzake kisimani,
pa! akaubandika mkate ukutani.
Pa! wa pili.
Wa tatu ukabanduka, ukaanguka kwenye makaa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

Aliuopoa kwa ndoana, akalaani ukoo wa mtu fulani,
akachukua donge jingine.
Kisha akafunika sinia la unga kwa kitambaa
akaketi kwenye kigoda changu
akaangalia viatu vyake.
Hakufanya lolote. Mimi ndiye niliyemfundisha:
unga ukishatiwa hamira, uache.
Ukiufunua kila dakika kuona kama umeumuka
unaupiga baridi, unanywea,
na kosa si la hamira.

Nilisimama pale hadi vidole vya miguu vikanisahau.

Nyumbani Otari, bila kuamka, alisogea kunipisha.
Nikajifunika hadi masikioni.
Sikujichungulia.

Saa moja na robo alinitikisa bega kwa hofu,
akidhani nimekufa.
Mezani palikuwa na mkate wa Temuri,
umeungua upande mmoja, chumvi imezidi.
Niliula wote nikiwa nimesimama.

Sisemi nimepona. Juzi niliamka tena,
ufa wa dari, mto, gunia langu likikoroma.
Nikasema: ni wewe?
Nikageukia upande wa pili.
Huko chini ya mtaa kuna mtu macho
kwa ajili yetu sote.